Tripanosoma ni ndugu, lakini hawasomi jeni zao kwa namna moja



Leo ninaandika juu ya ugonjwa ambao kila mmoja wetu aliyepita kwenye oditware ya agronomia amesoma, na ambao wafugaji wetu wanajua vizuri kutushinda hata kama hawatumii jina lile: nagana, ao tripanosomiaze ya nyama. Ngombe inakonda, manyoya inasimama, ndani ya jicho kunakuwa kweupe kama karatasi, mimba inatoka, maziwa inakauka, na kisha siku moja ngombe haisimame tena. Inaletwa na inzi ya tsetse, na ndani ya mate ya ile inzi kuna kadudu kadogo ka seli moja, tripanosoma.

Kwenye kozi tuliandika "tripanosoma" kama vile ni kadudu kamoja. Hapana. Ndani ya ngombe zetu kuna aina tatu kubwa: Trypanosoma congolense, Trypanosoma vivax na Trypanosoma brucei. Ni ndugu wa tumbo moja, jeni zao nyingi zinafanana. Ila wanazisoma kwa wakati mbalimbali na mahali mbalimbali, na tofauti ile njo inaamua kama ngombe itapona ao itakufa, na kama dawa iliyofanyiwa majaribio juu ya mmoja itasaidia kwa mwingine. Ninaomba uvumilivu wenu, nitaenda pole pole.

1. Tulisoma yule ambaye haui sana ngombe

Tuanze na historia kidogo. T. brucei ilipewa jina 1899, juu ya David Bruce, daktari Mwingereza aliyeiona ndani ya damu ya ngombe kule Zululand, Afrika ya Kusini. T. congolense, jina lake lenyewe linasema, ni ya kwetu: Broden aliiandika 1904, akifanya kazi kwenye laboratware ya Léopoldville, ile tunaita leo Kinshasa. T. vivax ikafuata 1905.

Kati ya hawa watatu, mwenye kusomwa zaidi duniani ni T. brucei. Sababu inaeleweka. Kwanza, wadogo zake wawili, gambiense na rhodesiense, wanapata watu na kuleta malale, ugonjwa wa usingizi. Inchi yetu inajua ile shida kuliko inchi yoyote: hata leo, wakati hesabu ya wagonjwa wanaoandikishwa duniani imeshuka chini ya 1000 kwa mwaka toka 2018, sehemu kubwa yao ni Wakongomani. Pili, T. brucei inakubali kuishi ndani ya chupa za laboratware na ndani ya panya, na jeni zake ni rahisi kuguswa. ADN yake ilichapishwa yote 2005, jeni karibu 9000.

Lakini kwa ngombe mambo ni kinyume. T. brucei ndani ya ngombe, mara nyingi, haina ukali mwingi. Wenye kumaliza mifugo ni T. congolense na T. vivax. Kwa hiyo vitabu vingi vimeandikwa juu ya ndugu mmoja, na wale wawili wanaotufilisi tuliwasoma kwa kukisia: "Kama brucei inafanya hivi, congolense pia itafanya hivi." Tutaona mahali ile kukisia imetufikisha.

2. ADN moja, maisha mengi

Angalia muti wa muhindi. Jani na muzizi vina ADN ile ile moja. Lakini jani ni la majani mabichi linalokula jua, muzizi ni mweupe unaokunywa maji. Tofauti iko wapi? Iko kwenye jeni gani zinasomwa na gani zinanyamazishwa. Jani linasoma kurasa zake, muzizi unasoma zake, kitabu ni kile kile. Kusomwa kwa jeni kunapita kwenye ARN: seli inanakili ukurasa wa ADN, ile kopi ndiyo ARN, na kopi inatumika kutengeneza protini.

Tripanosoma inahitaji jambo hili kushinda muhindi, juu maisha yake ni ya kuhama. Leo iko ndani ya damu ya ngombe, nyuzi joto 37 na zaidi, sukari tele, lakini kinga ya mwili inaiwinda. Kesho inzi inakunywa ile damu, na tripanosoma inajikuta ndani ya tumbo la inzi: baridi kidogo, sukari inaisha haraka, na maji ya kusaga chakula yanataka kuimaliza. Inabidi ibadilike: nguo ingine, chakula kingine, mwendo mwingine. Haibadilishe ADN. Inabadilisha kurasa inazosoma.

Kwa T. brucei hatua ni hizi. Ndani ya damu kuna ile ndefu nyembamba inayozaana, na ile fupi nene ambayo imeacha kuzaana na inangojea inzi. Ndani ya tumbo la inzi inakuwa prosikliki. Inapanda mpaka kwenye tezi za mate, inashikamana pale kama epimastigoti. Mwisho inakuwa metasikliki, tayari kuingia ndani ya mnyama mwingine.

Namna tripanosoma inachagua kurasa ni ya ajabu, na si kama ya muhindi ao ya mtu. Kwa mtu, kila jeni karibu ina mlango wake na ufunguo wake. Kwa tripanosoma, jeni zimepangwa kwa mistari mirefu na zinanakiliwa pamoja, makumi kwa makumi, hata zile ambazo hazina kazi wakati ule. Ni kama kamiyo inayotoka kijijini imebeba magunia yote: ya makala, ya mihogo, ya maharagi. Hakuna anayechagua wakati wa kupakiza. Kuchagua kunafanyika njiani, kwenye bariyeri. Gunia hili lipite, lile lishushwe na liharibiwe. Askari wa bariyeri ni protini zinazoshika ARN. Zingine zinalinda kopi, zingine zinaipeleka kuharibiwa.

Nguvu ya hawa askari si ndogo. 2012, kundi la Christian Tschudi kule Yale, Marekani, lilichukua T. brucei ya tumbo la inzi na kuizidishia protini moja tu ya namna ile, RBP6. Ndani ya chupa, bila inzi yoyote, tripanosoma zikapita hatua zote mpaka kuwa metasikliki zenye uwezo wa kuambukiza panya. Badilisha askari mmoja tu wa bariyeri, na soko lote linageuka.

3. Njia tatu ndani ya inzi moja

Sasa tulinganishe ndugu hawa. Brucei inapita tumbo, kisha tezi za mate. Congolense inapita tumbo pia, lakini haifike kwenye tezi za mate: inashikamana ndani ya mdomo wa inzi, ule mrija wa kunyonyea, na inamalizia pale. Vivax yenyewe haijisumbue na tumbo. Inabaki kwenye mdomo toka mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana vivax inaweza pia kubebwa na inzi zingine zinazouma, bila tsetse, na imefika hadi Amerika ya Kusini ambako tsetse haipo.

Ukiangalia nguo ya juu ya kila mmoja, unaona jeni mbalimbali zinasomwa kwenye hatua ambayo sisi tunaita kwa jina moja. Ndani ya tumbo la inzi, brucei inavaa protini zinazoitwa prosiklini. Congolense iko na prosiklini zake, ila zimetengenezwa kwa namna ingine, na juu yake inaongeza protini ingine, GARP, ambayo brucei haina. Kwenye hatua ya epimastigoti, brucei iliyo kwenye tezi za mate inavaa BARP. Congolense iliyo kwenye mdomo inavaa CESP, ambayo watafiti Wajapani waliieleza 2008, na inaonekana inasaidia kushikamana. Kazi inafanana: kushikamana mahali ili usichukuliwe na mkondo. Vyombo si vile vile.

Hata ile hatua ya "fupi nene" ya brucei, congolense haina sura yake. Zikijaa ndani ya damu zinapunguza kuzaana, ndiyo, lakini ukiangalia kwa mikroskopu huoni umbo tofauti. Kwa hiyo mtafiti akisema "nimelinganisha hatua ile ile kwa aina mbili", ni lazima tumuulize: hatua ile ile kwa kipimo gani? Kwa mahali? Kwa umbo? Kwa kazi? Jibu linabadilisha matokeo yote.

4. Jeni ya inzi iliyohamia ndani ya damu

Mfano ambao mimi ninaupenda zaidi ni huu, juu unagusa moja kwa moja jicho jeupe la ngombe.

Seli nyekundu za damu zimefunikwa na sukari ndogo inaitwa asidi sialiki. Ile sukari ni kama kadi ya uraia. Seli ikiwa nayo, walinzi wa mwili wanaiacha ipite. Ikiipoteza, walinzi wanaiona kama seli nzee ao mgeni, na wanaimeza.

Tripanosoma hizi zina jeni za vimeng'enya vinavyokata ile sukari: sialidazi na trans-sialidazi. Brucei inazitumia ndani ya inzi, kwenye hatua ya prosikliki. Inachukua sukari kutoka kwa damu ambayo inzi imekunywa, inaibandika juu yake yenyewe, na inapata ulinzi ndani ya lile tumbo kali. Akili sana. Ndani ya damu ya ngombe, brucei inafunga ule ukurasa.

Congolense na vivax hawafungi. Wao wanasoma jeni za familia ile hata wakiwa ndani ya damu. Na wanakata asidi sialiki za nani? Za seli nyekundu za ngombe. Kadi za uraia zinanyanganywa, walinzi wa ngombe wenyewe wanameza damu ya ngombe yao. Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha jambo hili 2012 kwa congolense na 2013 kwa vivax. Kwa congolense walinyamazisha zile jeni, wakaambukiza panya: ugonjwa ukapoteza ukali, na damu ikabaki.

Muone vizuri: familia ya jeni ni moja. Tofauti kubwa ni saa ya kuisoma. Ndugu mmoja anaisoma ndani ya inzi, wengine wawili wanaisoma ndani ya ngombe pia, na matokeo ni anemia inayoua. Kama mtu angesoma brucei peke yake, angeandika kwamba vimeng'enya vile ni mambo ya inzi, na angefunga faili.

5. Chakula pia si kimoja

Ndani ya damu, brucei inakula sukari glukozi kwa pupa. Inaivunja haraka, inatupa piruvati nje, na mitokondria yake, ile injini ya seli, inafanya kazi kidogo sana. Ikifika ndani ya inzi inawasha injini na kula asidi amino, zaidi prolini. Hivyo ndivyo tulivyojifunza, na watu wengi wameota dawa itakayofunga njia ya sukari.

2021, watafiti wa Uskoti walipima ARN na pia uchafu unaotoka kwa congolense ya damu, wakalinganisha na brucei. Congolense inatumia glukozi kidogo kushinda ndugu yake, na inatupa asetati na suksinati, vitu ambavyo kwa brucei tunaviona zaidi kwenye hatua ya inzi. Yaani, ndani ya damu ya ngombe, congolense kwa sehemu inaishi kama brucei iliyo ndani ya inzi. Na walipojaribu molekuli zinazofunga njia za chakula, aina hizi mbili hazikuumia sawasawa.

6. Mahali ambapo kukisia kulitupoteza

Wakati wa staje yangu, mfugaji mmoja, muzee wa heshima, aliniuliza: "Agronomu, hii dawa njo ile ile jirani yangu alitumikisha. Juu ya nini ngombe zake zilipona na zangu zinakufa?" Nilimujibu: "Muzee, inawezekana kadudu si kamoja, inawezekana kadudu kamezoea dawa, na inawezekana dawa yenyewe ilipimwa kidogo." Akacheka, akasema: "Basi una majibu matatu, mimi niko na ngombe ine tu."

Muzee alikuwa na haki. Dawa tulizo nazo kwa ngombe, diminazeni na isometamidiumu, ni za miaka ya 1950 na 1960. Karibu hatuna zingine, na katika inchi nyingi za Afrika tripanosoma zinazovumilia dawa zimekwisha kuonekana. Ili kupambana, unahitaji kujua dawa inaingilia mlango gani. Kwa brucei tunajua: diminazeni inaingia zaidi kwa mlango unaoitwa P2, jeni yake ni AT1. Ile jeni ikiharibika, dawa inabaki nje na kadudu kanaishi.

Kwenye congolense watu wakapata jeni inayofanana na AT1. Wakasema: mlango ni ule ule. Hata kipimo cha laboratware kikatengenezwa, cha kuangalia ile jeni ili kusema kama congolense fulani inavumilia diminazeni. Kisha 2013 kazi ingine ikajaribu mlango wenyewe, kama unafungua ao haufungui. Wakakuta ni mlango wa aina ingine, na diminazeni haipitishe kabisa. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba tunachunguza kufuli la nyumba, kumbe ilikuwa dirisha la nyuma.

Somo ni moja: kufanana kwa jeni si kufanana kwa kazi, na kufanana kwa kazi si kufanana kwa saa. Ni lazima kupima ndani ya aina yenyewe, kwenye hatua yenyewe, ile iliyo ndani ya ngombe.

Kuna habari nzuri pia. Ndani ya mwaka ule wa 2021, wanasayansi walianza na ADN ya vivax yenyewe, wakachagua protini zake za juu, wakazijaribu moja moja kama chanjo ndani ya panya. Moja, iliyo kwenye mkia wa vivax, ilikinga panya. Panya si ngombe, tusikimbie kusherehekea. Lakini njia ndiyo ile: muulize kadudu mwenyewe, usimuulize ndugu yake.

7. Sisi tufanye nini?

Hatuna mashine za kusoma ARN huku kwetu, wengi wetu hata umeme ni wa kubahatisha. Lakini somo hili linabadilisha kazi yetu ya kila siku.

Kwanza, tuache kuandika "tripanosoma: iko" kwenye ripoti. Tuandike ni aina gani. Na santrifije ndogo ya hematokriti na mikroskopu, inawezekana. Chukua damu mbichi, zungusha, angalia ule mstari mweupe kati ya seli nyekundu na maji. Vivax inakimbia, inavuka macho yako mbio. Congolense ni ndogo, mvivu, inapenda kushikilia seli nyekundu. Brucei inacheza sana lakini inabaki pale pale. Si kipimo kamili, ila ni bora kuliko kukisia.

Pili, wakati ule ule soma hematokriti. Kama ngombe inapoteza damu na umeona congolense, sasa unajua juu ya nini: si kadudu kanakunywa damu, ni mwili wa ngombe unameza seli zilizopokonywa kadi. Ngombe ile inahitaji dawa, na pia majani ya kutosha, maji, na mapumziko, ili itengeneze damu ingine.

Tatu, dawa ipimwe kwa uzito wa ngombe, si kwa macho na si kwa mfuko wa mwenye ngombe. Dawa kidogo inaua dhaifu na inaacha zile zilizovumilia. Na baada ya wiki mbili, rudi, pima tena. Kama kadudu kingali, badilisha kati ya diminazeni na isometamidiumu, usiongeze ile ile.

Ine, na hii ni kwa wadogo zetu wanaotafuta kichwa cha memwari: T. congolense ina jina la inchi yetu toka 1904, lakini kazi nyingi juu yake zinatumia aina zilizolelewa miaka na miaka ndani ya chupa za laboratware za mbali. Zile zinazozunguka leo ndani ya damu ya ngombe za kwetu, ni nani anazihesabu? Kazi ya kukusanya, kutambua aina, kuandika mahali na dawa iliyotumika, haiombe mashine kubwa. Inaomba santrifije, buku, na miguu. Siku mtu atakapokuja na mashine ya kusoma ARN, atahitaji mtu mwenye lile buku.

Wale wenye kufanya kazi na mifugo, tuambiane: kwenu, ni yupi kati ya ndugu hawa watatu munaona zaidi kwenye mikroskopu?